Nani Amesema, Amemwambia Nani

Mwezi wa Machi 1986, nikiwa na miezi miwili tu mjini Kajiado, mzee mmoja alinikuta nje ya ofisi ya walimu nimekaa kwenye jiwe, nasahihisha madaftari. Aliegemea fimbo yake akangoja nimalize daftari lililokuwa mkononi, kisha akatoa bahasha katika mkunjo wa shuka. "Mwalimu," akasema, "nisomee."

Ilikuwa barua ya mwanawe aliyekuwa bawabu Nairobi. Ukurasa mmoja, mwandiko wa kulala, Kiswahili safi kabisa. Kijana alisalimu, akasema yu mzima, akaomba auziwe dume mmoja atumiwe pesa maana amepata biashara ya kuanzisha. Nikaisoma, nikaikunja, nikamrudishia. Nilidhani kazi imekwisha.

Mzee hakuondoka. Akauliza, "Anayesema hapo ni nani?" Mwanao, nikamjibu. "Anamwambia nani?" Anakwambia wewe, mzee. "Alikuwa wapi?" Hapa juu pameandikwa Nairobi. "Na kwa nini anasema leo?" Nikarudia ile habari ya biashara. Akanyamaza kitambo, akaniomba nisome tena tangu mwanzo, polepole. Nilipomaliza alitikisa kichwa. "Huyu si mwanangu. Mwanangu hawezi kufika kwa dume kabla hajauliza mvua. Na mama yake hajamtaja."

Kabla muhula haujaisha, kijana alikuja nyumbani mwenyewe, mikono mitupu. Hakuwa ameandika barua yoyote. Aliyeandika ni mtu waliyepanga naye chumba kimoja.

Wakati huo nilikuwa na cheti cha ualimu cha P1 mfukoni, wino wake haujakauka. Kwa miaka miwili chuoni nilikuwa nimefundishwa namna ya kufundisha ufahamu: mwanafunzi asome kimyakimya, mwalimu aeleze msamiati mgumu, kisha maswali, kisha kusahihisha. Hakuna aliyeniambia kwamba msomaji anaweza kuijua barua kwa yale yasiyoandikwa ndani yake. Nilijifunza hilo kwa mtu asiyejua herufi hata moja, na miaka karibu arubaini niliyofundisha baadaye, Kajiado kisha Kitengela, nimeitumia kulitafutia nafasi darasani. Ninapowadurusisha watoto wa gredi ya 7, 8 na 9 siku hizi, barazani kwangu Jumamosi, naanzia kwa mzee yule.

Wamaasai huita habari ilomon, na kupashana habari kwao husemwa ni kuzila. Mgeni akifika bomani hamwagi neno lake mlangoni. Anakaribishwa, anakaa, anatoa habari kwa mpangilio: ametoka wapi, njiani ameona nini, malisho yakoje, maji yakoje, fulani amesema nini na alimwambia nani. Mwenyeji anaitikia kila kipande, halafu anatoa zake. Watoto wamekaa pembeni, hawasemi. Mtoto aliyelelewa hivyo huja shuleni akiwa amekwisha kusikia masimulizi mengi kuliko hadithi zote za kitabu cha darasa la 4, na anajua kwamba habari isiyo na mwenyewe haifai kuaminiwa. Sisi walimu tulimpokea kama gunia tupu.

Kiswahili kilikuwa kimefika Kajiado kabla ya sisi. Baada ya mikataba ya 1904 na 1911 iliyowaondoa Wamaasai Laikipia na Bonde la Ufa na kuwasukuma kusini, utawala wa kikoloni ulikuja na askari wake, makarani wake na wakalimani wake, na hao wote walikuwa watu wa Kiswahili. Reli ilitoka Konza ikapita hapa kwenda Magadi kuchukua magadi. Maduka yakafunguliwa kando yake, na mnada wa ng'ombe ukapata lugha yake. Jina lenyewe la mji, Ol Keju Ado, mto mrefu, likalainishwa katika vinywa vya wageni hadi likawa Kajiado. Aliyejua kusoma alikuwa karani, na karani alikuwa na nguvu kwa sababu barua ya serikali ilipita kinywani mwake kabla ya kufika sikioni mwa chifu. Mimi huanzia hapo historia ya ufahamu katika kaunti hii: kwa mtu mmoja anayesoma na mwingine anayelazimika kumwamini.

Huko pwani mambo yalikuwa yakipangwa kwa namna nyingine. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya maeneo yote ya Afrika Mashariki, yenye kazi ya kusanifisha maandishi na kuidhinisha vitabu. Miaka hiyohiyo shule zikapata tafsiri kama Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwalimu mmoja mstaafu niliyemkuta Kajiado alikuwa bado na nakala yake ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, imeshonwa mgongoni kwa uzi wa gunia. Aliniambia walikuwa wakiisoma kwa sauti, kila mtu sentensi moja, na aliyekosea alikaa chini. Nilipomuuliza kama waliwahi kuulizwa kisa chenyewe kinahusu nini, alifikiri sana. "Tuliulizwa maana ya maneno," akasema.

Enzi zangu mimi, hata hilo halikuwapo. Nilizaliwa Taita mwaka wa 1962 nikaanza darasa la kwanza 1969, wakati mpango mpya wa masomo ya msingi ulikuwa umekifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu siku ya kwanza. Aliyeteleza akasema Kidawida au Kiswahili alivikwa kibao shingoni. Kiswahili kilikuwa kwenye ratiba mara chache kwa juma, lakini CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa na Kiingereza, Hisabati, na karatasi ya mseto ya Historia, Jiografia na Sayansi. Somo lisilotahiniwa lina mwisho unaojulikana. Mwalimu wetu aliingia, akatazama ratiba, akafungua kitabu cha Hisabati. Nyumbani bibi yangu alikuwa akitutegea vitendawili kila jioni, na sikuwahi kuhusisha kazi ile na kitu chochote kilichoitwa shule.

Kisha ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4. Tangu 1985 Kiswahili kikawa somo la lazima, linalotahiniwa, katika msingi na sekondari, na mwaka huohuo watoto wa darasa la 8 wakaketi mtihani wa kwanza wa KCPE. Siwezi kueleza vya kutosha mabadiliko hayo yalikuwa na uzito gani kwetu. Ripoti ya kamati ya Gachathi kuhusu elimu ilikuwa imependekeza jambo hilo tangu 1976 na Bunge lilikuwa limeruhusiwa kujadili kwa Kiswahili tangu 1974, lakini amri haikuja na walimu. Niliporipoti Kajiado Januari 1986 mwalimu mkuu aliniuliza swali moja tu: unatoka upande wa pwani? Nikasema natoka Taita. Akasema, "Basi wewe ni Kiswahili." Nikapewa madarasa ya 6, 7 na 8 yote.

Tulikuwa na vitabu vinane kwa watoto hamsini na mmoja. Kifungu cha ufahamu nilikiandika ubaoni kabla ya kengele ya asubuhi, nikianzia juu kabisa kushoto, na upepo wa Kajiado ukiingia dirishani ulibeba chaki na vumbi pamoja. Gari la moshi la magadi likipita, masomo yalisimama hadi behewa la mwisho. Watoto walizoea, walitumia nafasi hiyo kusoma mbele.

Vifungu vyenyewe vilikuwa vya watu wa mahali pengine. Nakumbuka kimoja kuhusu mvuvi na ngalawa, tanga limepasuka, maji yanaingia. Nilichora ngalawa ubaoni, mimi mwenyewe nikiwa mtu wa milimani. Kijana mmoja aliinua mkono akauliza, "Huyo mvuvi yuko peke yake?" Nikamwambia yuko peke yake. "Nani alimwacha aende peke yake?" Swali hilo halikuwa kwenye orodha ya maswali. Orodha iliuliza tanga lilipasuka saa ngapi, na neno "dhoruba" lina maana gani. Kijana alikuwa akilifikiria jambo ambalo kila mchungaji hulifikiria, kwamba mtu aliye peke yake hatarini ana watu waliomruhusu au waliomlazimisha, na kisa chote kimefichwa hapo. Nilimwambia tuendelee na swali la pili. Leo ningefuta maswali yote nikaacha lake.

Lakini sikuyafuta, na sababu ilikuwa karatasi ya KCPE. Maswali hamsini ya kuchagua: 1 hadi 15 mapengo, 16 hadi 30 lugha na sarufi, 31 hadi 40 kifungu cha kwanza cha ufahamu, 41 hadi 50 kifungu cha pili. Majibu manne, A, B, C na D. Mtoto alichora kistari cha penseli ndani ya kisanduku. Baada ya miaka mitatu niliujua mtihani ule kama ninavyojua jiko langu, nikaanza kuufundisha wenyewe badala ya kufundisha kusoma. Niliwaambia: soma maswali kwanza, ndipo usome kifungu. Niliwaambia: majibu mawili kati ya manne huwa ya kupoteza muda, yatupe. Niliwaambia: jibu refu kuliko mengine litazame vizuri. Siku moja nilisahau kutoa ukurasa wa kifungu. Tulichapisha mazoezi kwa stensili na mashine ya kuzungusha kwa mkono, na ukurasa mmoja ulikuwa haujatoka vizuri. Wavulana wawili walijibu maswali yote kumi bila kifungu, na mmoja wao akapata manane. Wenzangu walicheka kwa furaha, wakamsifu. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu. Nilikuwa nimemfundisha mtoto kujibu asichokisoma.

Insha ilituokoa kidogo, ile karatasi ya pili ya alama 40, kwa sababu hapo mtoto alilazimika kusema. Vilevile vitabu vikaanza kuboreka. Katika miaka iliyofuata nilitumia sana mfululizo wa Kiswahili Mufti wa Wallah bin Wallah, mtu ambaye kituo chake cha Kiswahili kiko Matasia, upande wa Ngong wa kaunti hii hii. Huwa nawakumbusha wanafunzi jambo hilo. Wengi wanadhani vitabu vya Kiswahili hutoka Mombasa au Zanzibar pekee.

Kwa upande wa fasihi, mambo yalikuwa yamechukua mkondo mwingine, na mkondo huo ulianzia Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Kiafrika iwekwe katikati, pamoja na masimulizi ya mdomo. Mwaka wa 1974 walimu walikutana katika shule ya upili ya Nairobi kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika sekondari. Kutoka hapo fasihi simulizi ikapata mlango wa kuingilia darasani. Naomi Kipury alitoa kitabu chake cha fasihi simulizi ya Wamaasai mwaka wa 1983, na kilipofika mikononi mwangu, ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza, nilikaa nacho usiku mzima. Kumbe vitendawili na ngano za watoto niliokuwa nikiwafundisha mimi mgeni vilikuwa vimekusanywa, vimepangwa kwa aina, na kujadiliwa kama fasihi. Kesho yake niliwaomba wa darasa la 7 wanitegee vitendawili vyao kwa Kimaasai, wavieleze kwa Kiswahili. Msichana ambaye hakuwahi kufungua kinywa tangu Januari alitega sita mfululizo.

Msichana huyo hakurudi muhula uliofuata. Aliozwa. Miaka hiyo jina lililokuwa vinywani mwetu walimu wa kike ni Priscilla Nangurai, mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya AIC hapo Kajiado, aliyewapokea wasichana waliokimbia ndoa za mapema na kugombana na baba zao kwa ajili yao. Simwingizi hapa kwa sababu ya ufahamu. Ni kwamba sikuwa na njia ya kufundisha fasihi Kajiado nikasahau kwamba nusu ya darasa langu ilikuwa ikipungua huku nikisoma.

Kwa likizo za Aprili, Agosti na Desemba nilisoma digrii, nikaimaliza, nikahamia sekondari. Mwaka wa 2006 nikahamishiwa Kitengela.

Kitengela niliyoikuta haikuwa mji niliopita nikienda Kajiado miaka ishirini nyuma, wakati wengi wetu tulipaita Noonkopir na kulikuwa na maduka machache ukingoni mwa barabara ya Namanga, na pundamilia wakionekana kutoka dirishani mwa basi. Ardhi yote ile ilikuwa ranchi ya pamoja, iliyosajiliwa katika miaka ya 1970, na mwaka wa 1988 wanachama wakaigawanya, kila familia ikapewa hati yake. Sheria ya maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje ikapitishwa 1990, mji jirani wa Athi River ukapata viwanda vya nguo, na Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika mwaka wa 2000 wafanyakazi wakafurika. Walihitaji vyumba. Wamaasai walikuwa na ekari. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 mjini humo. Darasani mwangu kulikuwa na watoto wa makabila yote, na lugha yao ya uwanjani ilikuwa Sheng.

Riwaya teule ilikuwa Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Nilinunua nakala yangu kwa mchuuzi wa vitabu aliyetandika gunia kando ya stendi ya matatu, na bado ninayo. Ndani ya jalada kuna majina matatu, kila moja limekatwa na mwenye kitabu aliyefuata. Wa kwanza aliandika kwa penseli, herufi ndogo, pembeni mwa kurasa za mwanzo: "mbona hasemi?" Wa pili alipaka rangi ya manjano kila mahali palipotajwa Maimuna, binti wa kisa hicho. Wa tatu hakuandika chochote, ila kuanzia ukurasa wa arubaini hivi kurasa hazijafunguka vizuri. Nikajua aliishia hapo, akaenda kununua mwongozo.

Miongozo ndiyo ugonjwa niliopigana nao kwa miaka iliyobaki. Kijitabu chembamba, bei yake ndogo kuliko ya riwaya, kina muhtasari wa kila sura, orodha ya wahusika na sifa zao, maudhui, mbinu za lugha. Mwanafunzi anakariri kwamba mhusika fulani ni katili, mnafiki na mwenye tamaa, na ukimuuliza alifanya nini hata ukamwita katili, anakutazama. Wazazi walinunua kwa nia njema. Shule nyingine zilinunua miongozo kabla ya vitabu vyenyewe. Wanafunzi wangu walijua tofauti ya jazanda na sitiari kuliko nilivyoijua mimi umri wao, na hawakujua kama kitabu kilikuwa kimewahuzunisha.

Silaha niliyoikuta ilikuwa ndani ya mtihani wenyewe. Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ina alama 80, maswali manne ya alama 20, na swali linalojulikana zaidi ni la dondoo. Mtahini anang'oa sentensi moja katika riwaya au tamthilia, kisha anasema: eleza muktadha wa dondoo hili. Alama 4. Kila mwanafunzi wa Kenya anazijua hizo nne: msemaji ni nani, msemewa ni nani, ni wapi, na ni kwa sababu gani. Nilikuwa nimelifundisha swali hilo muhula mzima, ndipo siku moja nikiwa nimeshika chaki niligutuka. Nani amesema, amemwambia nani, wapi, kwa nini sasa. Yalikuwa maswali ya mzee wa Kajiado, kwa mpangilio uleule, na kizazi kizima kilikuwa kikiyakariri kama fomula ya Kemia.

Nikawasimulia ile barua. Tangu siku hiyo dondoo halikujibiwa darasani kwangu bila swali la tano, lile alilolijibu mzee bila kuulizwa: ni nini ambacho hakijasemwa? Baba aliyemfungia bintiye ndani anapozungumza kwa upole na wageni, nani hatajwi? Msichana anayekaa kimya katika sura nzima, mwandishi anataka tumsikie kwa njia gani? Mwenye kitabu wa kwanza, yule wa penseli, alikuwa ameliuliza tayari pembeni mwa ukurasa.

Mwaka wa 2011 mvulana wa kidato cha pili alinisubiri nje ya darasa akiwa na karatasi tatu zilizobanwa pamoja. Ulikuwa mkataba wa kuuza ardhi, umeandikwa kwa Kiingereza, na babu yake alikuwa ametakiwa kuweka dole gumba Jumatatu. Alitaka nimsaidie maneno. Tulikaa kwenye benchi tukaupitia kama tunavyopitia dondoo. Anayesema ni nani? Karatasi ilisema "muuzaji", yaani babu, lakini babu hakuwa ameandika hata neno. Aliyeandika ni mtu wa mnunuzi. Anaambiwa nani? Mnunuzi. Wapi? Nambari ya kiwanja ilikuwa pale, na mvulana akakimbia nyumbani akarudi na hati ya babu ndani ya mfuko wa plastiki. Nambari ilikuwa ya shamba zima. Babu alisema anauza ekari tano. Ukurasa wa pili haukutaja tano popote. Ulitaja shamba la nambari ile, basi. Nilipomuuliza lile swali la mwisho, kijana hakuhitaji muda. "Haijasema njia ya kwenda bwawani," akasema. "Na haijasema makaburi."

Jumatatu babu hakuweka dole. Familia ilikwenda kwa wakili, na hatimaye waliuza sehemu waliyotaka kuuza, mipaka ikiwa imepimwa. Sijui ni watu wangapi Kitengela waliobanwa na karatasi kama hiyo bila mjukuu wa kidato cha pili. Ninawajua kwa majina baadhi ya waliobaki wapangaji kwenye ardhi waliyozaliwa.

Muda mfupi baadaye kitabu teule kikawa Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, chenye mtawala aliyejitwalia mashamba ya watu kwa hati za kughushi. Nimefundisha vitabu vingi. Hakuna kilichosomwa Kitengela kwa kimya kama kile. Hawakukimbilia mwongozo. Walikuwa wakinitangulia sura mbili, tatu, na mabishano yao yaliendelea hadi kituo cha matatu. Walibora alipofariki Aprili 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa ajili ya korona, nilipigiwa simu na watu sita niliowafundisha miaka ile. Mmoja wao alikuwa yule mvulana wa mkataba.

Nilistaafu 2022. Mwaka uliofuata gredi ya 7 ya kwanza ikaanza, katika vyumba vya shule za msingi, na mwishoni mwa 2023 watoto wa darasa la 8 wakaketi KCPE ya mwisho. Maswali 31 hadi 50 yakaenda nayo. Sikuyalilia. Katika mtaala mpya mtoto wa sekondari ya chini anatakiwa kusikiliza, kuzungumza, kusoma kwa ufahamu na kusoma kwa kina; anaonyeshwa novela na tamthilia mapema kuliko tulivyofanya sisi, na haandikiwi alama pekee, huandikiwa kama amezidi matarajio, ameyafikia, ameyakaribia au yuko mbali nayo. Nimeusoma wote kwa matumaini. Halafu nikaenda stendi, kwa mchuuzi yuleyule aliyezeeka pamoja nami, nikaona gunia lake limejaa vijitabu vyembamba vya marudio ya gredi ya 9: maswali na majibu, majibu nyuma. Gredi ya 9 ya kwanza iliketi mtihani wake mwaka wa 2025. Vijitabu vilikuwa vimewahi.

Ndiyo maana nimeweka mkeka barazani. Wanakuja saba au wanane, watoto wa majirani, kila mmoja na daftari. Hatuanzi na kitabu. Kila mtu anatoa habari moja aliyoisikia wiki hiyo, kwa ukamilifu: nani kasema, kamwambia nani, wapi, kwa nini. Wengine wanamhoji. Wiki ya kwanza hakuna aliyeweza kutaja msemaji. Zote zilikuwa "nimeona kwa simu". Wiki ya tano mvulana mmoja alileta tangazo la maji lililobandikwa langoni mwa ploti yao, akalisoma, kisha akasema mwenyewe kwamba halina sahihi wala tarehe, kwa hiyo hajui ni la mwaka gani. Ndipo tukafungua kitabu.

Jumamosi iliyopita kifungu kilikuwa cha msichana anayemwandikia shangazi yake barua kutoka shule ya bweni. Mistari kumi na minane, kila kitu ni kizuri: chakula kizuri, walimu wazuri, marafiki wazuri. Maswali yalitaka waorodheshe mambo manne anayoyapenda. Wakaorodhesha. Nilikuwa nageuza ukurasa, binti wa gredi ya 8, mjukuu wa jirani yangu Mmaasai, akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Subiri, mwalimu," akasema. "Huyu anaandika kwa shangazi. Mama yuko wapi?"

Tukarudi mstari wa kwanza.